Gharama ya Neno Moja

Maneno ni kama watu wa sokoni. Ukimwona mtu akipita peke yake, huwezi kujua kazi yake wala nia yake. Ukimwona pamoja na mzigo aliobeba na watu anaofuatana nao, hapo humjua kuwa ni mchuuzi, au mchungaji, au mgeni aliyepotea njia. Hivyo ndivyo yalivyo maneno ya lugha zote, na hasa vitenzi vidogo vya Kiingereza, ambavyo kila mwanafunzi hudhani amekwisha kuvijua katika mwaka wake wa kwanza wa shule. Nataka kukueleza, ewe msomaji kijana, habari za kitenzi kimoja kati ya hivyo. Kina herufi nne tu, nacho ni ‘keep’. Mimi nilikijua nusu, na nusu ile niliyoikosa ilimgharimu baba yangu maksai.

Nilizaliwa na kulelewa Kikima, soko lililo juu ya milima ya Mbooni, katika nchi ambayo leo huitwa Kaunti ya Makueni. Ukifika huko mwezi wa Julai utakuta ukungu umelala juu ya mabati ya maduka asubuhi, na wachuuzi wamejifunika mablanketi mabegani. Juu ya milima kuna kahawa na chemchemi. Chini mabondeni kuna jua na mchanga. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea bondeni, mahali ambapo mvua hufika ikiwa imechoka.

Nyumbani tulisema Kikamba. Sokoni tulisikia Kikamba na Kiswahili. Shuleni tulitakiwa kusema Kiingereza. Kwa hiyo neno la Kiingereza halikutufikia moja kwa moja, bali lilivuka mito miwili: kwanza lilitoka katika Kiingereza likaingia katika Kiswahili cha mwalimu, kisha likatoka katika Kiswahili likaingia katika Kikamba cha mama. Na mto hauvukwi bila kulowa. Mwalimu wetu wa shule ya msingi aliandika ubaoni safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, nasi tukakariri kwa sauti moja mpaka ndege wakaruka kutoka paani. Nakumbuka mstari mmoja wa safu zile: ‘keep’, weka. Mwalimu yule hakukosea. Alitupa maana moja ya kweli. Kosa lilikuwa letu, kwani tuliichukua maana ile moja kana kwamba ndiyo zote.

Mwaka 1981 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya Harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mgeni kutoka Uingereza, aliyekuja kufundisha kwa muda wa miaka miwili. Kila Jumamosi nilimchotea maji na kumfagilia ua, naye akaniazima vitabu vya kusoma. Mwisho wa mwaka 1982 muda wake ulikwisha. Siku ya safari nilimbebea sanduku mpaka kituo cha mabasi cha Kikima, tukaagana, nami nikarudi kufunga nyumba yake. Nilipoingia niliona saa yake ya mkono imesahauliwa kando ya beseni la kunawia. Niliitwaa nikakimbia.

Basi lilikuwa limekwisha kuanza kwenda. Nikakimbia ubavuni mwake, nikainua mkono wenye saa mpaka dirishani. Mwalimu alitoa kichwa, akaitazama ile saa, akanitazama jinsi nilivyokuwa nikihema, akacheka. Kisha akapaza sauti juu ya mngurumo wa injini: ‘Keep it! Keep it!’ Basi likapata mwendo, nami nikabaki katika vumbi nikiwa nimeishika saa kwa mikono miwili.

Nilifasiri papo hapo kama nilivyofunzwa. Mwalimu ameniambia: Iweke. Na mtu akikuambia uweke kitu chake, maana yake nini? Maana yake amekupa amana. Siku moja atakuja kuitaka, au atamtuma mtu. Niliifunga saa ile katika kitambaa, nikaitia katika kyondo cha zamani cha mama, nikakitundika juu karibu na paa, mahali pasipofikiwa na watoto. Kila Jumapili niliishusha nikaitia ufunguo ili isije ikashika kutu. Sikuivaa hata siku moja. Rafiki zangu walinicheka, lakini nilijiona mtu mkubwa, kwa kuwa nimeaminiwa.

Sasa nikupeleke kwenye mwaka 1984. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina lake, kama mtoto apewavyo jina. Njaa iliyotupata mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw’a Ngwete, yaani ‘Nafa nikiwa nimeshika’, kwa sababu mtu aliweza kuwa na fedha mkononi asipate chakula cha kununua. Mvua za Machi mwaka 1984 zilitukosa karibu kabisa. Tulikula mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng’ambo. Ng’ombe waliokonda walijaa mnadani, na wanunuzi walikuwa wachache, hata bei ikaporomoka kama jiwe kutoka kilimani.

Katika mwaka huo nilikuwa kidato cha nne. Karo ya mihula miwili ilikuwa haijalipwa, na asiyelipa asingefanya mtihani wa mwisho. Mali ya baba ilikuwa maksai wawili wa kukokota plau, mbuzi wachache, na shamba. Jioni moja aliniita nje, akaniuliza:

‘Mwanangu, ile saa iliyo juu kule ni ya nani?’

‘Ni ya mwalimu, baba.’

‘Hakukupa?’

‘Aliniambia niiweke.’

Baba alinyamaza kitambo. Hakujua Kiingereza hata neno moja, lakini amana alijua ni nini. ‘Basi iweke,’ akasema. Asubuhi yake alimfungua maksai mmoja, akaenda naye mnadani, akarudi na fedha ambazo mwaka uliotangulia zisingenunua mbuzi watatu. Nikalipiwa karo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja, tena zilikuja vizuri. Lakini plau yetu huvutwa na wawili, na maksai mmoja halimi. Katika nchi yetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi, nazo ni za siku chache. Mtu akichelewa kupanda hata kwa juma moja, mahindi yake hukutwa na jua kabla ya kubeba. Mama na dada zangu walilima kwa jembe la mkono. Watu wa mwethya, yaani kikundi cha majirani wasaidianao kwa zamu, walitusaidia siku mbili, kisha wakaenda kwa wengine, kama ilivyokuwa haki. Tulipanda nusu ya shamba. Nusu ya pili ilimea majani.

Baada ya mtihani, mwanzoni mwa mwaka 1985, nilimwandikia mwalimu barua kwa anwani aliyoiacha. Nilimweleza kwamba saa yake ipo salama, haina hata mkwaruzo, nikamwuliza niipeleke kwa njia gani. Jibu lilifika baada ya miezi miwili. Nililisoma nikiwa nimesimama nje ya posta ya Kikima. Mwalimu alifurahi kupata habari zangu, ila hakuelewa kwa nini nataka kumrudishia saa. Saa ilikuwa yangu tangu siku ile ya basi. Yeye mwenyewe alikuwa ameniambia ‘keep it’. Kisha akauliza kama saa bado inakwenda sawasawa, na katika swali hilo pia alitumia kitenzi kile kile, kwa maana ambayo sikuwahi kuisikia.

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtu asemapo ‘keep this for me’, amekukabidhi amana. Asemapo ‘keep it’, wala asiongeze neno, naye kitu kimo mkononi mwako, amekupa kiwe chako moja kwa moja. Maneno mawili madogo ambayo hayakusemwa ndiyo yaliyokuwa mpaka kati ya amana na zawadi, nami niliyasikia ingawa hayakusemwa.

Nilikwenda nyumbani nikawasomea wazazi barua ile, nikiigeuza katika Kikamba. Baba aliniuliza, ‘Ungalijua, ungaliiuza?’

‘Ningaliiuza, baba.’

‘Nami ningalizipokea fedha, wala pasingekuwa na ubaya. Lakini hatukujua. Kwa kadiri tulivyojua, tulitenda sawa.’

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho. ‘Tulitenda sawa,’ akasema, ‘ila mimi ndiye niliyelima.’

Sijapata kusahau jibu hilo. Usiku ule niliazima kamusi, nikatafuta kitenzi changu, nikakuta maelezo yake yamejaza safu nzima na kuvuka kwenda nyingine. Maana yangu, ‘weka’, ilikuwa mojawapo tu kati ya nyingi. Tangu siku ile nilianza kuandika katika daftari kila mahali nilipokutana na neno lile katika maisha ya kila siku. Nakuomba, msomaji, ufuatane nami tupitie kurasa chache za daftari hilo.

Ukurasa wa kwanza niliupata njiani. Nyuma ya lori moja palikuwa pameandikwa ‘keep distance’, na mbele kidogo, palipogawanyika barabara, kibao kilisema ‘keep left’. Hapa hakuna kitu kinachowekwa. Dereva wa nyuma anaambiwa asisogee karibu, na dereva wa njia panda anaambiwa ashike upande wa kushoto. Kwa Kiswahili tungesema ‘kaa’ au ‘shika’. Kadhalika mwalimu mkuu alipotuambia ‘keep quiet’, hakutaka tuuweke ukimya mahali fulani. Alitaka tunyamaze, tena tuendelee kunyamaza.

Ukurasa wa pili niliupata zahanatini. Juu ya chupa ya dawa ya kikohozi waliandika kwamba dawa hiyo iwe ‘kept’ mbali na watoto. Hapa ‘weka’ yangu ilifaa kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Ukurasa wa tatu niliupata dukani. Mwenye duka ‘keeps’ duka, yaani analiendesha. ‘Keeps’ vitabu vya hesabu, yaani huandika kila kinachoingia na kinachotoka. Na maziwa yake, siku ya jua kali, hayawezi ‘keep’, yaani hayakai, huchacha kabla ya jioni. Angalia jambo hili la mwisho. Katika matumizi mengine kitenzi hiki hufuatwa na jina la kitu, lakini katika haya hakifuatwi na kitu chochote: chakula chenyewe ndicho kinachokaa au kinachoharibika. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Mwingereza angeweza kuileza akiba kwa kitenzi hiki mara mbili, kwanza kwa kuiweka, na pili kwa kule kutooza kwake.

Ukurasa wa nne ni wa watu na maneno yao. Mtu hu-‘keep’ ahadi, nasi twasema huitimiza. Hu-‘keep’ siri, nasi twasema huitunza. Hu-‘keep’ sheria au siku takatifu, nasi twasema huishika. Akikufanya umngoje, Mwingereza husema ‘amekuweka’ kwa kitenzi hiki hiki, na sisi pia husema ‘umeniweka mno’, kwa hiyo katika jambo la kuchelewa lugha mbili hizi zimepatana. Mtu akiwa na mazoea ya kufanya jambo bila kuacha, ‘keep’ hufuatwa na kitenzi kingine: ‘she keeps digging’. Kiswahili hakihitaji kitenzi cha namna hiyo kila mara. Sisi husema ‘haachi kulima’, au ‘anazidi kulima’, au tukasimulia tu, ‘alilima, akalima, akalima’, na msikilizaji akaona jasho kwa macho yake. Ndivyo alivyolima mama.

Ukurasa wa tano ni wa uwanja wa mpira. Alama zake tumekwisha kuzitia katika lugha yetu pasipo kufahamu. Yule kijana asimamaye kati ya miimba miwili ya goli twamwita golikipa, au kwa kifupi kipa. Jina hilo ndilo ‘keep’ iliyovaa kanzu ya Kiswahili. Kipa haweki mpira ndani ya lango. Kazi yake ni kuuzuia usiingie. Basi hapa kitenzi kina maana ya kulinda na kuzuia. Na ukumbuke kwamba katika ngome za kale za Ulaya mnara wa katikati, uliokuwa kimbilio la mwisho la wenye ngome, nao ulipewa jina hili hili.

Wataalamu wa lugha wanasema kwamba kitenzi hiki kimo katika Kiingereza tangu karibu miaka elfu moja iliyopita, na kwamba ndugu zake hawaonekani katika lugha zilizo jamaa za Kiingereza, kama Kijerumani na Kiholanzi. Katika siku za kale maana yake ilikuwa kushika, kuangalia na kutia jambo maanani. Nadhani maana hizo za kale ndizo mzizi, na nyingine zote ni matawi. Mwingereza atumiapo neno hili huwa na wazo moja: kitu kisiondoke katika hali yake au katika mkono wake. Kiswahili huuliza zaidi. Kitu gani? Kiwe cha nani? Kwa sababu gani? Kama ni mnyama, twasema kufuga. Kama ni mali ya mwenzako, twasema kuweka amana. Kama ni neno ulilotoa, twasema kutimiza. Kama ni adui, twasema kuzuia. Mahali ambapo Kiingereza kina kapu moja kubwa, Kiswahili kina vikapu kumi vidogo.

Usidhani kwamba tofauti hii ni mchezo wa kamusi tu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba Wakamba wanafuga ng’ombe wengi mno, na kwamba mifugo hiyo inaharibu ardhi. Ikaanza kuwanyang’anya watu ng’ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Kwa mwenye ofisi, kufuga kulikuwa hesabu ya vichwa na majani. Kwa mwenye boma, kufuga kulikuwa kuweka akiba: ng’ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye chakula cha mwaka wa njaa. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupeleka malalamiko yao, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Serikali iliacha mpango wake wa kuchukua ng’ombe kwa nguvu, ila Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Kitenzi kimoja cha Kiingereza hubeba maana zote mbili, kufuga na kuweka akiba. Laiti wenye lugha hiyo wangalizisikia zote mbili kwa pamoja!

Tena ardhi yenyewe ilitaka kutunzwa, na hilo lilikuwa kweli. Mvua ya milimani ikishuka kwa kasi huchukua udongo na kuupeleka mtoni. Wakulima wa Ukambani walipata dawa yake. Mtu huchimba mfereji kukingama mteremko, kisha udongo wa mfereji huutupa upande wa juu ili ufanye tuta. Juu ya tuta hupanda majani yenye mizizi ya kushika. Maji yakiteremka husimama, udongo hutuama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi za mashamba. Namna hiyo ya kulima huitwa ‘fanya juu’. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya iliyokuwa wilaya ya Machakos, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1990 watu wa huko waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua. Watu walikuwa wame-‘keep’ udongo wao: waliuzuia, waliulinda, wakautunza, wakaendelea kufanya hivyo mwaka hata mwaka. Kitenzi kimoja kilitosha, na vyetu vinne vilihitajika.

Lakini neno la kufurahisha ni hili: wataalamu wa udongo waandikapo habari za matuta hayo kwa Kiingereza, hawalitafsiri jina lake. Huandika ‘fanya juu’ vivyo hivyo, kwa Kiswahili. Basi ujue kwamba safari ya maneno si ya upande mmoja. Sisi tulichukua kipa wao, nao walichukua tuta letu.

Wala usione kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye kapu kubwa. Mfikirie mgeni anayejifunza kitenzi chetu ‘piga’. Amefundishwa kwamba kupiga ni kutenda kwa fimbo. Sasa anasikia kwamba mtu amepiga simu, amepiga picha, amepiga pasi, amepiga hodi, amepiga magoti, amepiga kura. Maskini, anaona fimbo kila mahali! Ukimcheka, kumbuka kwamba na mimi niliiona amana mahali palipokuwa na zawadi.

Nini basi faida ya habari hizi kwako, mwanafunzi? Kwanza, usikariri neno la Kiingereza na neno moja la Kiswahili kama ng’ombe wawili waliofungwa nira isiyofunguliwa. Jifunze neno pamoja na maneno linalofuatana nayo. Ukikutana na ‘keep’, jiulize: linafuatwa na nini? Kama ni jina la kitu, tafuta kitu hicho ni cha nani na kina kazi gani. Kama ni sifa, kama vile safi au kimya, maana yake ni kukaa au kudumisha. Kama ni kitenzi kingine, maana yake ni kuendelea bila kuacha. Kama ni kijineno kidogo kama ‘off’ au ‘away’, maana yake ni kujitenga au kuzuia. Andika sentensi nzima katika daftari lako, wala si neno tupu, kwa maana neno tupu husahaulika upesi, na likikumbukwa hudanganya.

Pili, usione haya kuuliza. Siku ile ningaliweza kumwandikia mwalimu barua katika mwezi wa kwanza, nikamwuliza maana ya maneno yake. Sikufanya hivyo kwa sababu niliamini kwamba najua. Asiyejua huuliza, anayejua nusu ndiye asiyeuliza, naye ndiye aliye katika hatari. Stempu moja ya posta ingalimwokoa maksai, na mikono ya mama isingalitoka malengelenge.

Tatu, na hili nalisema kwa kujizuia, kwa sababu bado nalitafakari. Wako watu walioniambia kwamba kosa langu lilikuwa zuri, kwa kuwa lilionyesha uaminifu. Sikubaliani nao kabisa. Uaminifu ulikuwa mwema, lakini gharama yake ililipwa na mtu mwingine asiyeulizwa, naye alilipa kwa jembe. Wako wengine walioniambia kwamba nilikuwa mpumbavu. Nao pia sikubaliani nao. Nilipewa neno lenye maana nyingi, nami nilichagua ile iliyonitaka nitoe zaidi na nipate kidogo. Ningechagua nyingine kwa kutojua, ningeweza kuuza mali ya mtu. Nilichokosa ni maarifa ya kuambatana na moyo ule. Moyo mwema bila maarifa ni kama maksai mmoja katika plau: ana nguvu, lakini halimi.

Baba alikwisha kufariki. Mama yu hai, amezeeka, na anapenda kukaa mlangoni kulitazama lile shamba, ambalo sasa lina matuta kutoka juu mpaka chini. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia baba maksai. Alimpokea, akamtazama meno, akasema kwamba ni mzuri. Habari za saa hakuzitaja.

Saa ile ninayo mpaka leo. Niliivaa mara ya kwanza nilipoanza kazi, na kwa miaka mingi ilishika majira barabara. Siku hizi hukawia, na fundi amesema vipuri vyake havipatikani. Hainionyeshi tena wakati. Hata hivyo naiweka, naitunza, naishika, naihifadhi; nisingependa kuchagua neno moja kati ya hayo, na hapa nakiri kwamba kitenzi cha Mwingereza kinanifaa kuliko changu.